Fomu ya mkopo, parachuti ndogo na hesabu ya mama muuguzi

Fomu ya mkopo ilikuwa imekunjwa mara nne. Kijana aliitoa mfukoni baada ya sahani kuondolewa mezani na mama yake kumaliza chai.

"Mama, naomba unitie sahihi hapa. Ni ya sacco. Nahitaji mdhamini mmoja tu."

Mama huyo, muuguzi mstaafu anayeishi kisiwani Mombasa, alivaa miwani. Aliisoma fomu kama alivyosoma kadi za wagonjwa kwa miaka 30: kuanzia juu hadi chini, bila kuruka mstari. Sh150,000. Miezi 24. Penye madhumuni ya mkopo, mwanawe alikuwa ameandika maneno matatu: vifaa vya kazi.

"Vifaa gani?"

"Parachuti, mama."

"Si unayo unayorukia?"

"Ile ni ya kukodi. Na ni kubwa mno. Hii itakuwa yangu, na ni ndogo."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomfanya aweke kalamu mezani.

"Ndogo? Tangu lini mtu akatafuta kitu kidogo cha kumshikilia angani?"

Kijana alicheka. Mama hakucheka.

Neno moja kwenye simu

Kijana huyo ana umri wa miaka 25. Alivuka feri kwenda kutafuta kazi Diani alipokuwa na miaka 22, na kazi aliyoipata haikuwa hotelini kama wenzake. Alifundishwa kukunja parachuti. Warukaji wakitua ufuoni, yeye huzibeba, huzitandaza kwenye mkeka, hunyoosha kamba moja baada ya nyingine, hukunja kitambaa na kukishindilia mfukoni. Hulipwa kwa kila parachuti anayoikunja.

Baada ya mwaka mmoja wa kukunja za wengine, alianza kuweka akiba ili aruke mwenyewe. Mama hakuambiwa. Aliona picha kwenye simu ya binti yake wa mwisho: mwanawe amevaa miwani mikubwa, mashavu yamepeperushwa na upepo, na nyuma yake hakuna chochote ila bahari.

Walikaa karibu miezi miwili wakisalimiana tu. Shikamoo mama. Marahaba. Basi.

Mwishowe waliafikiana jambo moja. Kila atakaporuka, akishagusa mchanga, amtumie mama yake ujumbe wa neno moja: Nimetua.

Tangu hapo, siku za kuruka, mama hukaa na simu mapajani. Hafui, haendi sokoni. Ujumbe ukiingia, huinuka na kuendelea na kazi zake. Siku ile ya fomu, alikuwa amepokea ujumbe huo mara 43.

Kwa nini ndogo?

Kwa asiyeujua mchezo huu, swali la mama lina mantiki kabisa. Lakini kwa warukaji, kuhamia parachuti ndogo ni hatua ya kawaida, na kwa vijana wengi ni hatua wanayoiota tangu siku ya kwanza.

Parachuti za siku hizi si ule mwavuli wa mviringo wa sinema za vita. Ni bawa la kitambaa lenye umbo la mstatili, linaloelea mbele kwa kasi huku likishuka. Ukubwa wake hupimwa kwa futi za mraba. Mwanafunzi hupewa kubwa, kwa mfano futi 260 au 280. Huenda polepole, hugeuka taratibu, na mtu akikosea humpa nafasi ya kujirekebisha.

Ndogo ni tofauti. Hukata upepo, hugeuka kwa kuguswa kidogo, na mfuko wake ni mwepesi mgongoni. Hata kuikunja ni rahisi zaidi.

Kijana alikuwa akirukia ya futi 230. Tuseme ni kitambaa chenye ukubwa wa sebule ya mita nne na nusu kwa nne na nusu. Aliyotaka kuinunua ilikuwa ya futi 150, sawa na chumba kidogo cha kulala.

Alikuwa na sababu zake, na si zote zilikuwa za kitoto. Ya kwanza ilikuwa upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu kati ya mwaka, mtu mwepesi mwenye parachuti kubwa huweza kuelekeza uso baharini na bado akasukumwa kinyumenyume kuelekea minazi. Lilikuwa limemtokea mara mbili.

Ya pili ilikuwa bei. Mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliuza mfuko mzima, parachuti kuu na ya akiba ndani, kwa Sh280,000. Kwa vifaa vya aina hiyo, hata vilivyotumika, hiyo ni bei ya kutupa. Tayari kijana alikuwa na Sh130,000.

Ya tatu hakuisema, lakini dada yake aliisema kwa niaba yake, akiwa mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi: "Anachekwa."

Kwenye mkeka wa kukunjia, kila parachuti inajulikana kwa namba yake. Yule ni wa 135. Huyu ni wa 120. Ni kama namba za viatu, ila hapa mwenye kiatu kidogo ndiye anayeonekana mkubwa. Kijana aliyekunja parachuti za watu kwa miaka mitatu alizijua zote kuliko wenyewe, na bado yake ilikuwa ileile ya kukodi, kubwa kama hema, ambayo kila mgeni wa wiki mbili aliichukua na kuirudisha.

Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza swali ambalo kijana hakulitarajia.

"Mwanangu, una kilo ngapi?"

Dozi kwa kila kilo

Wodini, dawa nyingi za watoto hutolewa kwa uzito. Muuguzi hapimi kwa macho wala kwa umri peke yake. Anauliza kilo, anazidisha, anaandika, na mwenzake anakagua. Mama huyo aliifanya hesabu hiyo maelfu ya mara. Kwake, kitu chochote kinachobeba mwili wa mtu lazima kiwe na kipimo kinacholingana na mwili huo.

Hakukosea. Warukaji nao wana hesabu yao, na ni nyepesi kuliko ya dawa. Huchukua uzito wa mtu pamoja na vifaa vyote alivyobeba, kwa paundi, na kuugawanya kwa futi za mraba za parachuti. Jibu linaonyesha kila futi ya kitambaa imebebeshwa mzigo kiasi gani. Namba ikipanda, kasi inapanda.

Kijana aliijua hesabu hiyo. Ila hakuwahi kuifanya mbele ya mtu mwingine.

"Sabini na mbili," alisema.

"Na mzigo?"

"Kama kumi na moja hivi. Mfuko, kofia, nguo, viatu."

Mama alipindua fomu ya sacco, akaandika nyuma yake: kilo 83. Kwa ratili, kama wazee walivyoziita paundi, ni kama 183. Kisha akagawanya.

Kwa ile ya mwanafunzi ya futi 280, jibu ni 0.65. Kwa ile ya 230, ni 0.80. Kwa ile aliyotaka kuinunua, ni 1.22.

"Na mwalimu wako amesema iwe ngapi?"

Kijana alitazama kikombe. "Kwa sasa, isizidi moja."

Walimu wengi wa kuruka husema hivyohivyo kwa mtu mwenye leseni ya kwanza. Kwa utaratibu wa chama cha warukaji cha Marekani, USPA, leseni hiyo ya kwanza huhitaji mtu awe ameruka angalau mara 25, na ya pili mara 50. Brian Germain, mrukaji wa Marekani aliyeandika na kufundisha sana kuhusu parachuti, alitoa kanuni rahisi: hadi mara 100 za kwanza, namba isizidi 1.0, kisha iongezwe 0.1 kwa kila mara 100 nyingine. Kwa kipimo hicho, 1.2 ni ya mtu aliyeruka mara 300. Kijana alikuwa ameruka 43.

Mama aliendelea kuandika. "Na kati ya hii yako na hiyo unayoitaka, hakuna nyingine?"

Zipo. Kuna 210, kuna 190, kuna 170. Alikuwa anataka kuruka ngazi tatu kwa mpigo.

"Na ile ya akiba?"

Hapo kijana alinyamaza zaidi. Watu wanaonunua mfuko uliotumika hutazama parachuti kuu na kusahau iliyofichwa juu yake. Mfuko mdogo huingia parachuti ndogo zote mbili. Ya akiba katika mfuko ule ilikuwa ya futi 143. Hiyo ni namba ya 1.28, tena kwa siku ambayo tayari mambo yameharibika: kuu imekataa, mtu ana hofu, pengine ameumia bega au amepoteza fahamu na hawezi kuvuta breki kabla ya kutua.

"Kuna kifaa cha kompyuta ndani," kijana alijitetea. "Nisipofungua, kinafungua chenyewe."

Ni kweli. Tangu mwaka 1991, kampuni ya Airtec ya Ujerumani ilipoanza kuuza kifaa chake kiitwacho Cypres, maisha ya warukaji wengi yameokolewa. Kifaa hicho hupima kasi na urefu, na mtu akiwa bado anaanguka kwa kasi karibu na ardhi, hufungua parachuti ya akiba. Lakini kazi yake ni hiyo tu. Hakiwezi kumsaidia mtu ambaye parachuti yake imefunguka vizuri, haina tatizo lolote, na akaigeuza akiwa chini mno.

Na huko ndiko sehemu kubwa ya ajali mbaya za mchezo huu zinakotokea siku hizi: chini ya kitambaa kizima, sekunde chache kabla ya kutua.

Mguu uliofungwa bandeji ya uongo

"Nieleze mtu anaumiaje," mama alisema. "Kama ungemweleza mgonjwa."

Kijana alichukua kijiko akakifanya kiwe mrukaji, na kitambaa cha meza kikawa parachuti. Ukivuta kishikio cha upande mmoja kwa nguvu, alisema, bawa linalala ubavu na kupiga mbizi. Wewe uliye chini unarushwa pembeni, kama jiwe lililofungwa kwenye uzi. Kasi ya kushuka inaongezeka mara moja. Ili urudi chini ya bawa na kunyooka, unahitaji urefu. Ukiwa juu mita 300, si kitu. Ukiwa mita 15, ardhi inafika kwanza. Na ndogo hupiga mbizi haraka zaidi, kwa sababu hata kamba zake ni fupi.

"Na kwa nini mtu mwenye akili ageuke akiwa mita 15?"

"Kwa sababu kuna kitu mbele yake. Mtoto, mnazi, ngamia."

Alisema "ngamia" kisha akanyamaza. Dada yake aliacha kufuta sahani.

Wiki saba kabla ya siku hiyo, kijana alikuja Mombasa kwa harusi ya binamu yake akichechemea. Alisema aliteleza kwenye mteremko wa feri, mahali pale penye mwani. Mama alimkalisha kitini, akamkanda kwa barafu, akamfunga bandeji kwenye kifundo cha mguu. Alimkemea kwa kuvaa ndala siku ya mvua.

"Haikuwa feri," kijana alisema sasa.

Ilikuwa mara yake ya 38. Alikuwa akishuka kuelekea ufuoni, akitazama alama yake tu, na ngamia wa kubebea watalii akapita mbele. Alivuta kishikio cha kulia hadi nyongani. Bawa lililala. Alikumbuka kuvuta breki zote mbili, amechelewa, kisha mchanga ukampiga ubavuni. Aliinuka mwenyewe. Kifundo kilikuwa kimeteguka na paja limevilia damu. Mwalimu wake alimsimamisha wiki tatu.

Kisha, akiwa ameketi kwenye kivuli na barafu mguuni, alichukua simu akaandika: Nimetua.

Mama hakusema neno. Alikuwa ameuhifadhi ujumbe huo pamoja na mingine yote. Siku ile aliusoma, akashukuru Mungu, akaenda kupika.

Kwa miaka 11 alifanya kazi wodi ya mifupa. Kijana alipokuwa mtoto, mara nyingi alimngoja mama yake kwenye benchi la nje baada ya shule. Alikuwa akiwaona wale vijana wa bodaboda, mguu umening'inizwa na kuvutwa kwa uzani wiki baada ya wiki, kwa sababu mfupa wa paja haukusubiri. Mama aliwajua kwa majina. Wengi hawakuanza na pikipiki kubwa. Walianza na ndogo, wakaanguka kidogo, wakainuka, wakahesabu kuanguka huko kuwa uzoefu. Kisha wakanunua yenye nguvu zaidi.

Mfupa wa paja ukivunjika, mtu huweza kumwaga zaidi ya lita moja ya damu ndani ya mguu bila tone kuonekana nje. Kisigino kikipondeka, huenda mtu asitembee tena bila maumivu. Uti wa mgongo hauhitaji kuelezwa.

"Ile parachuti unayoionea aibu," mama alisema hatimaye, "ndiyo iliyokurudisha kwenye harusi ukichechemea. Hii unayotaka nikudhamini, kwa kosa lilelile, ingekuleta wodini kwangu. Na mimi nimestaafu."

Fomu alimrudishia bila sahihi. "Sijakataa," alimwambia. "Ila dozi haipandishwi kabla ya kipimo. Niletee kipimo."

Kijana aliondoka na feri ya saa mbili usiku. Hakuaga vizuri.

Kipimo chenyewe

Kwa siku tisa simu ya mama haikupokea ujumbe wowote. Hakujua kama mwanawe anaruka au la. Anasema zile zilikuwa siku mbaya kuliko hata miezi miwili ya mwanzo, kwa sababu sasa alijua mengi. Kila asubuhi alishika simu ampigie, na kila asubuhi aliiweka chini.

Siku ya kumi ulikuja ujumbe mrefu. Kijana alikuwa amerudi kwa mwalimu wake na kumwambia ukweli wote: kuhusu mfuko wa bei rahisi, mkopo, na kwamba alinuia kununua kwanza na kumwambia baadaye. Mwalimu hakumfokea. Alimpa orodha.

Orodha za namna hiyo zinajulikana miongoni mwa warukaji, na wazo lake ni moja: kabla hujahamia ndogo, onyesha kwamba kubwa unaimudu yote, si kwa siku tulivu tu. Je, unaweza kutua ndani ya duara la mita 10 mara kwa mara, si kwa bahati? Unaweza kugeuka bila kupiga mbizi, kwa kushika breki nusu na kuzungusha bawa likiwa limelala sawa? Hiyo ndiyo njia ya kumkwepa ngamia. Umewahi kutua upepo ukitoka ubavuni, au pasipo upepo kabisa? Unaweza kurekebisha mwelekeo kidogo wakati unavuta breki za mwisho? Unaweza kuiendesha kwa mikanda ya nyuma, endapo kishikio kitakatika?

Kila jambo hufanyiwa mazoezi kwanza juu, kwenye urefu wa kutosha, ndipo liletwe chini.

Kijana alidhani atamaliza kwa wiki mbili. Ilimchukua miezi mitano. Kugeuka kwa breki nusu kulimshinda mara nyingi. Mkono wa kulia ulikuwa na kumbukumbu yake, kila mara ukitaka kuvuta hadi nyongani. Kuhusu kusi, jibu la mwalimu lilikuwa fupi: upepo ukizidi uwezo wa parachuti yako, dawa si parachuti nyingine, dawa ni kukaa chini ukunje za wengine.

Mfuko wa Sh280,000 ulinunuliwa na mtu mwingine ndani ya wiki hiyo. Kijana aliukunja kwa mkono wake siku uliporukiwa kwa mara ya kwanza na mwenyewe mpya, ambaye alikuwa ameruka mara mia kadhaa. Anasema kitambaa kilimtosha mikononi kama shuka la mtoto.

Mara ya 64 alihamia 210, ya kukodi. Mwalimu alimtaka achague asubuhi yenye upepo mwepesi, wakati wa maleleji, afungue juu zaidi ya kawaida, na asiongeze jambo jingine jipya siku hiyo: si kamera, si kofia ngeni, si kuruka na kundi. Alitumia dakika zote zile kuizoea juu kabla ya kuileta chini. Kwa uzito wake, namba ilikuwa 0.87.

Mara ya 102 alifika 190. Namba: 0.96.

Mzazi afanyeje?

Si wazazi wengi wenye mtoto anayeruka kutoka kwenye ndege. Lakini wengi wana anayetaka pikipiki yenye nguvu zaidi, anayeanza kunyanyua vyuma na kuongeza uzito kila wiki, au anayeogelea ufuoni na sasa anataka kuvuka mkondo. Kosa ni lilelile: kuongeza kiwango kabla ya kumudu kilichopo.

Katika yaliyompata mama huyu kuna mambo manne ambayo mzazi anaweza kuyabeba.

La kwanza, uliza namba kabla ya kutoa hukumu. Kijana akiulizwa "umerukwa na akili?" atajitetea. Akiulizwa "kilo ngapi, mara ngapi, mwalimu amesema nini?" atalazimika kuyasikia majibu yake mwenyewe.

La pili, mjue anayemfundisha. Mtoto anayekwambia kila kitu isipokuwa maneno ya mwalimu wake, huenda ameshakatazwa.

La tatu, jihadhari na bei rahisi. Vifaa vya hatari vinapouzwa nusu ya bei, tazama vimetengenezwa kwa ajili ya nani. Kofia, viatu, pikipiki, parachuti: kama si kipimo cha mwanao, hata cha bure ni ghali.

La nne ndilo gumu zaidi. Ufanye nyumba yako iwe mahali ambapo mtoto anaweza kusema "nilianguka" bila kuogopa. Kijana huyu hakudanganya kuhusu feri kwa sababu ni mwongo. Alidanganya kwa sababu alijua ukweli ungefunga mlango. Na kwa wiki saba mama aliuguza mguu bila kujua ugonjwa.

Wala parachuti kubwa si kinga kamili. Watu huumia chini ya kubwa pia, na mama huyo analijua hilo. Mwanawe bado anaruka, na yeye bado anakaa na simu mapajani.

Sahihi

Mwezi uliopita kijana alivuka feri tena na fomu nyingine. Safari hii haikukunjwa. Parachuti kuu futi 190. Ya akiba, ukubwa unaokaribia huohuo. Nyuma ya fomu, kabla hajaulizwa, alikuwa ameandika hesabu yote kwa mwandiko wake, na chini yake mwalimu ameandika jina na tarehe.

Penye madhumuni ya mkopo hakuandika vifaa vya kazi. Aliandika parachuti.

Mama alisoma kuanzia juu hadi chini. Aligawanya tena mwenyewe, pembeni, kwa kalamu ya risasi, kama muuguzi wa pili anavyokagua dozi ya wa kwanza. Kisha akatia sahihi.

Makubaliano ya zamani nayo yamebadilika. Neno moja halitoshi tena. Ujumbe wa mwisho aliopokea, Jumamosi saa nne na dakika kumi asubuhi, ulisomeka hivi: Nimetua. Mita 12 kutoka kwenye alama. Upepo wa ubavuni. Nimepiga magoti kidogo, goti la kushoto limechubuka.

Mama alimjibu: Lioshe kwa maji safi na sabuni. Usipake mafuta ya taa.

Kisha akaweka simu mezani, akachukua kikapu, akaenda sokoni.